Safari ya Nduthi Milimani: Barabara ni ya Bure, Sasa Unalipia Nini?

Kila mwisho wa mwezi, doh ikiingia, kuna bango linaanza kuzunguka kwa status za WhatsApp. Siku tano, nduthi, milima, nyama choma, moto wa usiku, lipa nusu sasa nusu tukifika. Picha ni ya kona fulani karibu na Iten, bonde liko chini kabisa, na msee amesimama kando ya nduthi amekunja mikono kama ako kwa kava ya albamu. Unaangalia hiyo picha, unaangalia balansi ya M-Pesa, halafu unajiuliza: kwani nikijaza tanki nijiendee mwenyewe, nani atanizuia?

Swali liko sawa. Hakuna mtu atakuzuia. Hakuna geti Kabarnet la kulipia mlima, na mara nyingi petroli utaweka mwenyewe hata ukienda na kikundi. Sasa hiyo pesa ingine yote inaenda wapi?

Wacha tuivunje polepole. Kuna malazi, kuna chakula, kuna fundi. Lakini kitu ya maana zaidi haiandikwangi kwa bango. Unalipia mtu mwenye akili na ubavu wa kukuambia "simama" wakati mbogi nzima inataka kuendelea. Kama hayuko, umenunua foleni ya nduthi.

RODI YENYEWE

Tuchukue mfano mmoja ambao wapenda nduthi wengi wa Nairobi wanaujua: mzunguko wa Baringo na Iten. Siku tano, usiku nne, kama kilomita 750 kwa jumla.

Siku ya kwanza ni Nairobi hadi Nakuru kupitia Mai Mahiu, kama kilomita 160. Siku ya pili unatoka Nakuru, unavuka ikweta pale Mogotio, unapita Marigat hadi Kampi ya Samaki kando ya Ziwa Baringo, kama 120. Siku ya tatu ndio kila mtu amekujia: unarudi Marigat, unapanda hadi Kabarnet, unateremka Bonde la Kerio, unavuka mto pale Cheploch, halafu unapanda ukuta wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Iten. Ni kama kilomita 115 tu, lakini zinakula siku nzima. Siku ya nne ni Iten, Eldoret, Timboroa hadi Nakuru, kama 190, na unavuka ikweta mara ya pili huko juu kwa baridi. Siku ya tano unarudi kwa mama.

Ukiangalia hizo kilomita utasema ni kidogo sana. Matatu ya Eldoret inatoka Nairobi asubuhi na mchana imefika. Hapo ndipo watu wengi wanachezwa na hesabu. Milimani usihesabu kilomita peke yake, hesabu kupanda na kushuka. Ziwa Baringo liko kama mita 1,000 juu ya bahari. Kabarnet iko karibu mita 2,000. Chini kwa Kerio unarudi kama 1,100, halafu Iten iko 2,400. Kwa hiyo siku moja unapanda mita 1,000, unashuka 900, unapanda tena 1,300. Mwili wako na breki zako zinahesabu hiyo yote.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye safari ni hili: tunaendesha kilomita ngapi kwa siku, na tunafika saa ngapi? Jua letu linazama kama saa kumi na mbili unusu jioni. Safari iliyopangwa vizuri inataka nduthi zikuwe zimepakiwa saa kumi na moja. Akikuambia mtaendesha usiku "juu ni poa, hakuna magari," huyo hajui punda wa Marigat hawana taa za nyuma.

BARIDI NA JOTO SIKU HIYO HIYO

Ukipanda mita 1,000, hewa inapungua joto kwa kama digrii 6.5. Timboroa iko karibu mita 2,800, Baringo 1,000. Hiyo ni tofauti ya kama digrii 12 kabla hujahesabu upepo, na kwa nduthi upepo ndio mwenye nyumba. Ukienda na kasi ya 60 ukiwa umevaa hudi tu, vidole vinakufa ganzi. Ukifinya breki, hujui umefinya aje. Na hiyo breki uliihitaji juzi.

Huku chini Marigat ni kinyume. Jua linakupiga, upepo unakukausha jasho kabla ulione, na unaanza kukauka mwilini bila kujua. Dalili sio kiu peke yake. Kuna pia kuanza kuchelewa kwa maamuzi: kona inakuja, unaiona, lakini mkono unafika nusu sekunde baadaye. Kwa kasi ya 60, sekunde moja ni karibu mita 17. Hesabu mwenyewe nusu yake ni mbuzi ngapi.

Ndio maana kiongozi mzuri anasimamisha watu wakunywe maji hata kama hakuna mtu ameomba. Wale wagumu watalalamika kwamba wanacheleweshwa. Wacha walalamike wakiwa na maji mkononi.

Kuhusu mavazi, usidanganywe kwamba lazima ukuwe na suti ya mbio. Jaketi nzito ya ngozi ya Gikomba au Toi ni mwanzo mzuri. Ongeza glavu, buti za kufunika kifundo cha mguu, suruali ngumu, na nguo ya mvua. Lakini helmeti usiende nayo mtumba. Utafiti mkubwa uliokusanya tafiti nyingi za dunia ulipata kwamba helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa kama asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69. Hiyo ni helmeti imevaliwa na kufungwa, sio imeninginizwa kwa kioo. Ijaribu hivi: ivae, funga mkanda, tikisa kichwa. Kama inazunguka peke yake, ni ya mtu mwingine. Na kama ishawahi kugongwa vizuri, kazi yake iliisha siku hiyo.

KUTEREMKA NDIO MTIHANI

Kila mtu anaogopa kupanda. Kupanda haina shida. Nduthi ndogo inachoka tu. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo ile 150 yako itapumua kama mzee wa kanisa kwa ngazi. Punguza gia, vumilia, utafika. Wacha wenye nduthi kubwa waende, watakungoja juu.

Shida ni kushuka. Kutoka Kabarnet hadi Kerio ni kona baada ya kona, na ukizishuka ukiwa umekanyaga breki muda wote, breki zinapata moto. Za diski, mafuta yake yanaweza kuchemka, unafinya na mkono unaenda hadi mwisho bila kitu kutokea. Za dramu zinapoteza mshiko polepole. Vyote viwili vinakuja wakati uko na kasi, juu ndio maana ulikuwa unashika breki.

Dawa ni gia. Teremka na gia ile ile ungetumia kuupanda huo mlima, au ndogo zaidi, wacha injini ikushikilie. Breki unaitumia kidogo kidogo, unashika unaachilia, kabla ya kona. Usizime injini kuokoa mafuta. Usishikilie klachi uteleze.

Na kama unafikiri hii ni maneno ya vitabu, angalia barabara ya siku ya nne. Kati ya Sachangwan na Salgaa, kabla ufike Nakuru, kuna mteremko mrefu ambao umemaliza watu kwa miaka. Moja ya sababu zilizotajwa kila mara ni madereva wa malori kutoa gari kwa gia ili liteleze lenyewe, waokoe dizeli. Lori likishapata kasi bila injini kulishikilia, breki peke yake haziwezi. Serikali ilijenga ukuta katikati ya barabara kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Sheria iliyokuwa inaua lori la tani 40 ni ile ile ya nduthi yako. Tofauti ni kwamba wewe huna kabini.

Hapo Salgaa pia ndipo utaelewa kwa nini kiongozi anakataza watu kufuata trela kwa karibu. Dereva hakuoni. Kama huoni vioo vyake, kwake wewe hauko.

KONA NA KICHWA CHAKO

Kuna kitu kimoja wengi hawajui. Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Ukiingia kona ya kulia, unalala kulia. Magurudumu yako yanaweza kuwa ndani ya leni yako kabisa, lakini kichwa na bega vimevuka mstari wa katikati. Prado ikikata kona kutoka mbele, haitagonga gurudumu. Kwa hivyo kona ya kulia ishike ukiwa mbali na mstari. Punguza kasi kabla ya kuingia, usipunguze ukiwa ndani. Halafu angalia mahali unataka kuenda. Ukikodolea macho shimo, utaenda kwa shimo. Mikono inafuata macho, hiyo haina mjadala.

Na simu? Wacha kwa mfuko. Ile video ya TikTok ya kona, ukitaka sana, mwambie kiongozi asimamishe watu mahali pana, mtu mmoja ashuke apige, wengine wapite mmoja mmoja. Itatoka poa kuliko hiyo ya mkono mmoja.

KIKUNDI KINATEMBEA AJE

Hapa ndipo unajua kama umelipia kitu au umepigwa.

Kikundi kinachojua kazi kina watu wawili wa maana: kiongozi mbele na mlinda mkia nyuma. Mlinda mkia hapitwi na mtu wa kikundi, na yeye hapiti mtu. Ukipata pancha, wewe na yeye mnabaki. Kwa kawaida ndiye amebeba vifaa, tyubu za ziada na sanduku la huduma ya kwanza.

Barabara ikinyooka, mnapanda kama ngazi: mmoja kushoto, anayefuata kulia, ili kila mtu awe na nafasi ya kufunga breki. Kwa kona mnakuwa mstari mmoja, juu kila mtu anahitaji leni nzima.

Na kwa makutano, wanaojua wanatumia mtindo mmoja poa sana. Kiongozi akifika njia panda, anaonyesha kidole chini. Nduthi inayomfuata inasimama hapo hapo, mahali salama, inakuwa alama. Kila anayekuja anaonyeshwa upande wa kukata. Yule wa alama haondoki hadi amuone mlinda mkia. Akimuona, anaingia mbele yake, na safari inaendelea. Faida yake ni kubwa: hakuna mtu analazimika kukimbiza mwingine. Ukiwa wa mwisho, ukiwa na 125, ukiwa unaogopa, bado utapata msee amekungoja kwa kila njia panda.

Hiyo ndiyo siri ya hizi safari. Wengi hawaanguki juu mlima ni mgumu. Wanaanguka juu waliona taa ya mwenzao ikipotea kwa kona, wakaogopa kuachwa, wakaingia na kasi ambayo sio yao. Presha ya mbogi inashinda akili ya mtu mmoja. Kiongozi anayejua anaiua hiyo presha kabla nduthi ziwake. Asubuhi anawaambia: hapa hakuna mtu ataachwa, endesha kasi yako. Na anamaanisha.

MAHALI PENYEWE

Kitu kingine unalipia ni habari za leo, sio za mwaka jana. Februari 2023 serikali ilituma jeshi na polisi kwa kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Baringo na Elgeyo Marakwet zikiwemo, kupambana na wezi wa mifugo wenye bunduki. Haimaanishi kaunti nzima ni vita. Watu wanaishi, wanafanya biashara, shule ziko wazi kwa sehemu nyingi, na barabara ya Kabarnet hadi Iten inatumika kila siku. Lakini kuna sehemu za ndani ambazo hupaswi kukata kona ukizifuata juu ramani ya simu imesema ni njia ya mkato. Kiongozi wa kweli anapigia watu wa huko simu usiku wa kuamkia safari, na ako na njia ya pili tayari.

Mvua pia. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Aprili 2024 tuliona Mai Mahiu maji yakishuka usiku yakabeba nyumba na watu. Ziwa Baringo lenyewe limepanda miaka hii hadi likameza hoteli na maboma, kwa hivyo hata ile hoteli uliona kwa picha za zamani inaweza kuwa ya samaki sasa. Uliza: mvua ikiharibu rodi, tunaenda wapi, na pesa yangu inarudi aje? Jibu liwe kwa maandishi, sio sauti ya WhatsApp.

Na ukifika, shuka kwa nduthi. Nunua samaki Kampi ya Samaki. Cheploch kuna vijana wanaruka mtoni kutoka juu ya mwamba. Ukiwatazama, watoe kitu kidogo. Iten utaamka alfajiri upate wanariadha wamekuacha kwa murram kabla hujafungua macho. Wape barabara. Hawa ndio wenye mji.

KABLA UTUME DOH

Angalia leseni yako. Ya A2 ndiyo ya kuendesha pikipiki yako mwenyewe, na ni kuanzia miaka 18. Kama leseni yako ni ya gari tu, hiyo haihesabiki, hata kama umeendesha nduthi ya ankoli shagz tangu darasa la sita.

Uliza bima. Ile ya lazima, ya mtu wa tatu, inalipa yule umemgonga. Mguu wako haumo. Kama nduthi ni ya kukodisha, hakikisha bima yake inaruhusu kukodishwa, juu ile ya mtu binafsi inaweza kukataa kulipa. Kama unaweza, chukua bima ya ajali yako binafsi hata ya muda mfupi. Halafu uliza mtu akiumia pale chini Kerio anapelekwa hospitali gani, na gari la nani. Asiyejua jibu hajawahi kufikiria utaanguka.

Uliza kama wana leseni. Kampuni za kupeleka watu safari Kenya hupewa leseni na Tourism Regulatory Authority. Malipo yaende kwa namba ya biashara yenye jina lao, upewe risiti. Namba ya "Kevo wa nduthi" sio kampuni.

Piga hesabu ya mafuta mwenyewe. Nduthi ya 150 inayokula lita moja kwa kilomita 40 itahitaji kama lita 19 kwa mzunguko wote. Zidisha na bei ya EPRA ya mwezi huo. Toa hiyo kwa bei ya bango kama petroli imo, toa malazi na chakula, uone kilichobaki ni cha nini. Kikiwa kidogo sana, hakuna fundi wala mlinda mkia humo ndani. Mtu hawezi kulipwa na hewa.

Na usianze na milima. Wiki mbili kabla, nenda Magadi urudi siku moja. Ni mteremko kwenda, kupanda kurudi, joto la kutosha. Ukirudi mgongo umekataa, umejua mapema, na bado uko karibu na nyumbani.

Mwisho, siku ya maelezo ya safari, kaa nyuma usikilize. Ukimsikia kiongozi akijigamba vile walitoka Iten hadi Nairobi masaa manne, shukuru kwa soda ujitoe. Ukimsikia akimwambia msee mwenye nduthi kubwa kuliko zote, mbele ya watu wote, "ukinipita unarudi nyumbani na pesa zako," hapo tuma deposti.